DAP maana yake nini hasa? Jinsi ya kulisoma jina kwenye mfuko na kuitumia shambani bila kutupa hela

Wakulima wenzangu, msimu ukikaribia huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ukipita duka lolote la pembejeo utasikia neno moja tu, DAP. Wengine wanaita dapu, wengine mbolea yoyote ya punje punje za kijivu au kahawia kwao ni DAP, na wengine ukiwauliza wanasema ni mbolea ya kupandia basi, imeisha hiyo. Mi nauza pembejeo na nalima pia, na kinachoniumiza kila mwaka ni kuona mtu anatoa hela yake yote ya akiba kwa kitu ambacho hajui jina lake linasema nini, wakati lile jina ndo maelekezo yenyewe. Ukilielewa utajua inawekwa lini, inakaa wapi kwenye shimo, isikutane na nini, na hata kama bei uliyotajiwa ni ya haki au unapigwa. Huhitaji kuwa umesoma kemia, twende taratibu tu.

Hatua ya 1: Tafuta jina kamili, achana na kifupi

Geuza mfuko, usiangalie picha ya mahindi wala rangi ya mfuko. Tafuta palipoandikwa Diammonium Phosphate. Kwa midomo yetu ni diamoniamu fosfeti. Hilo sio jina la kampuni wala sio brandi, ni jina la kemikali, kwa hiyo kiwanda chochote duniani kikitengeneza diamoniamu fosfeti kinatengeneza kitu kilekile, iwe imetoka Moroko, Saudia au China. Akija mtu akakwambia "hii DAP ya mfuko wa kijani ina nguvu kuliko ya mfuko mweupe" na namba zote mbili ni sawa, na zote zimetoka kwenye mifuko halali, huyo anauza maneno.

Sasa likate hilo jina vipande vitatu, di, amoniamu, fosfeti, na uanzie nyuma kuja mbele.

Fosfeti ni fosforasi iliyoshikana na oksijeni. Fosforasi ndo inayofanya mmea mchanga uoteshe mizizi, na ndo inayobeba nguvu ndani ya mmea. Fosforasi yenyewe aligundua Mjerumani mmoja wa Hamburg, Hennig Brand, mwaka 1669, akichemsha mikojo mingi akitafuta dhahabu. Hakupata dhahabu ila alipata kitu kinachong'aa gizani. Leo hatuitoi kwenye mikojo, tunachimba miamba. Wanachukua ule mwamba wanauchanganya na asidi ya salfuriki inapatikana asidi ya fosforiki, alafu hiyo asidi wanaikutanisha na gesi ya amonia, na hapo ndo inazaliwa DAP. Sisi wenyewe tuna mwamba wa aina hiyo pale Minjingu, jirani na Ziwa Manyara, mabaki ya mifupa ya samaki na ndege wa ziwa la zamani.

Amoniamu ni naitrojeni moja iliyoshikana na haidrojeni nne. Hii naitrojeni ndo inaleta ukijani na majani. Inatoka kwenye hewa tunayovuta, ila kuinasa inahitaji joto kali, presha kubwa na gesi asilia nyingi, teknolojia ya Wajerumani wawili Fritz Haber na Carl Bosch ambayo kiwanda chake cha kwanza kilianza kazi Oppau mwaka 1913. Ndo maana gesi ikipanda bei huko duniani na sisi huku mbolea inapanda, mnakumbuka ilivyokuwa 2022 mpaka serikali ikaleta ruzuku.

Na ile di mwanzoni ni mbili. Amoniamu mbili kwenye fosfeti moja. Ndo maana fomula yake inaandikwa (NH4)2HPO4, ile 2 iliyo nje ya mabano ndo hiyo di. Watu wengi wanairuka hii herufi mbili wanaona haina maana, lakini utaona mbele kwamba ndo inayoamua kama mbegu yako itaota au itaungua.

Hatua ya 2: Soma namba tatu

Chini ya jina kuna 18-46-0, wengine wanaandika 18:46:00. Mpangilio huu haubadiliki dunia nzima, ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Ni asilimia. Kwa mfuko wa kilo 50, naitrojeni ni 18 kati ya kila 100, yaani kilo 9. Fosforasi 46 kati ya 100, yaani kilo 23. Potasiamu sifuri, hakuna kabisa. Hiyo sifuri iangalie vizuri maana kuna watu wanapandia viazi kwa DAP peke yake miaka na miaka alafu wanashangaa viazi vidogo, na viazi ndo vinakula potasiamu kwa fujo.

Kuna jambo hapa maduka mengi hayakwambii. Ile 46 sio fosforasi tupu. Kwa mazoea ya wanakemia wa zamani fosforasi inahesabiwa kama P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni yake. Ukitaka fosforasi yenyewe zidisha kwa 0.44, kwa hiyo zile kilo 23 ni kama kilo 10 za fosforasi halisi. Potasiamu nayo hivohivo, inahesabiwa kama K2O, ukitaka yenyewe zidisha kwa 0.83. Kwa nini nakusumbua na hili? Kwa sababu majibu ya kupima udongo maabara nyingine wanakuandikia P tupu na nyingine P2O5, na ukichanganya hivo viwili utaweka mbolea zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa au chini ya nusu yake.

Na jingine kwa wale wanaopenda hesabu. DAP safi kabisa kimaabara ingekuwa na naitrojeni 21 na P2O5 karibu 54. Ya shambani ni 18-46 kwa sababu mwamba unakuja na uchafu wake wa chuma, aluminiamu na vinginevyo, na ndo huo unaoipa rangi ya kijivu, kahawia au hata nyeusi. Kwa hiyo ukimwaga DAP kwenye glasi ya maji ikabaki na tope kidogo chini usikimbilie kusema ni feki. Rangi nayo sio kipimo.

Hatua ya 3: Zijue ndugu zake kwa majina ili usiuziwe nyingine

Ukishajua kukata jina unaweza kusoma mfuko wowote dukani. Hapa ndo napenda zaidi maana mtu akishika hii hadanganyiki tena.

MAP ni monoamoniamu fosfeti. Mono ni moja, amoniamu moja tu, kwa hiyo naitrojeni inapungua na fosforasi inapanda, utakuta 11-52-0, na zile za kuyeyusha kwenye dripu 12-61-0. Tofauti yake kubwa na DAP ni hii, MAP ikiyeyuka inakuwa na uasidi pale ilipo, wakati DAP ikiyeyuka inakuwa upande wa nyongo, yaani kinyume cha uasidi, pH (kipimo cha uasidi na nyongo, 7 ni katikati) inakaribia 8, na kwenye hali hiyo sehemu ya amoniamu inageuka kuwa gesi ya amonia. Hiyo gesi ndo inachoma mbegu. Hiyo ndo kazi ya ile di.

TSP, tripo supafosfeti. Hapa jina linadanganya kidogo, tripo sio fosfeti tatu, ni kwamba ina nguvu kama mara tatu ya ile supafosfeti ya kawaida. Yenyewe ni kalsiamu na fosfeti, haina amoniamu kwenye jina kwa hiyo haina naitrojeni, 0-46-0.

SA ni amoniamu salfeti. Naitrojeni 21 na salfa 24. Neno salfeti likionekana ujue kuna salfa, na vitunguu, kabichi na jamii yake wanaipenda sana salfa.

CAN, kalsiamu amoniamu naitreti, naitrojeni 26 au 27. Ile naitreti ni naitrojeni ambayo mmea unaimeza palepale bila kusubiri. Na kalsiamu ipo kwa sababu nzuri, amoniamu naitreti ikiwa peke yake inaweza kulipuka, ile bandari ya Beirut iliharibiwa tarehe 4 Agosti 2020 na tani 2,750 za hiyo kitu. Kwenye CAN wameichanganya na chokaa ili itulie, lakini bado usiiweke karibu na moto wala madumu ya mafuta.

Urea haina neno lolote la hayo, ni naitrojeni 46 tupu. Hapa 46 ya Urea na 46 ya DAP ndo inachanganya watu. Juzijuzi kaja mama mmoja mtu mzima dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe ile ya arobaini na sita."

"Mama ziko mbili, unapandia au unakuzia?"

"Napandia, lakini nipe ile ya bei ndogo, si zote arobaini na sita?"

Nikamgeuzia mifuko yote miwili nikamwonyesha kwa kidole, hii 46 imekaa nafasi ya kwanza, hii imekaa nafasi ya pili. Akasema "kumbe!" na akakaa kwenye kiti nikamweleza. Angepandia Urea kwenye shimo karibu na mbegu angepoteza mbegu na mbolea kwa pamoja, na mizizi isingepata hata chembe ya fosforasi.

MOP ni potasiamu kloraidi, 0-0-60. Wakulima wa tumbaku kule Tabora wanajua, kloraidi inaharibu tumbaku, haiungui vizuri, ndo maana wao wanatumia potasiamu salfeti. Mmea uleule unataka potasiamu ileile lakini neno la pili kwenye jina ndo linaamua kama utauza au utarudi nayo nyumbani.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya bei kwa virutubisho, sio kwa mfuko

Mfuko mmoja wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za P2O5. Mfuko wa TSP una kilo 23 za P2O5, na kilo 20 za Urea zina naitrojeni kama kilo 9. Kwa hiyo mfuko mmoja wa DAP ni sawa kabisa na mfuko mmoja wa TSP ukiongeza kilo 20 za Urea. Sasa nenda dukani uliza bei ya TSP, ongeza bei ya kilo 20 za Urea, linganisha na DAP. Kama DAP iko chini au sawa nunua DAP. Kama DAP imepanda au haipo, nunua hizo mbili, TSP pandia nayo, na zile kilo 20 za Urea usiziweke kwenye shimo la mbegu, zisubiri mahindi yaote uweke mapema kando ya mche.

NPK ya 17-17-17 je, ile yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu zote tatu? Mfuko wa kilo 50 una kilo 8.5 za kila kimoja. Ili upate kilo 23 za P2O5 unahitaji kama mifuko mitatu kasoro. Sio kwamba ni mbaya, ina potasiamu ambayo DAP haina, kwa viazi na mboga unaweza kuipendelea, ila kama udongo wako una potasiamu ya kutosha na unalima mahindi unalipia kitu ambacho hujakihitaji.

Hatua ya 5: Ujue udongo wako kabla hujafungua mfuko

Hii wengi wanairuka na ndo inayokula hela kimyakimya. Udongo ukiwa na uasidi mkali, pH chini ya 5.5, fosforasi inakamatwa na chuma na aluminiamu iliyomo kwenye udongo na mmea hauipati. Unaweza kuweka DAP kila msimu na mahindi bado yanaota na majani ya zambarau zambarau pembeni, hiyo rangi kwenye mahindi machanga ndo dalili ya njaa ya fosforasi. (Ukiona unjano unaoanzia ncha ya jani la chini unashuka katikati kama herufi V ni njaa ya naitrojeni, na jani la chini likikauka kingo zote ni potasiamu. Baridi nayo inaweza kuleta zambarau kwa muda, kwa hiyo usihukumu kwa siku moja.)

Alafu kuna ubaya mwingine wa DAP ambao lazima niuseme hata kama naiuza. Pale inapoyeyuka ni nyongo, ndio, lakini ile amoniamu vijidudu vya udongo vinaigeuza kuwa naitreti, na kwenye kuigeuza vinaacha asidi. Miaka ikienda, DAP kila msimu bila chokaa inashusha pH ya shamba. Majirani zetu Wakenya wa Uasin Gishu na Trans Nzoia wamelima mahindi kwa DAP miaka mingi na wanaujua huu mtihani, siku hizi wataalamu kule wanahimiza chokaa. Huku kwetu Njombe na sehemu nyingi za milimani udongo una uasidi wake tayari, kwa hiyo sio la kuchezea.

Fanya hivi. Chukua udongo sehemu kumi hivi za shamba kwa kuzunguka zigzaga, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ambayo haijawahi kubeba mbolea, toa kama nusu kilo, anika kivulini, peleka kupimwa. Kituo cha TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga kazi yake ni udongo, SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wana maabara, na siku hizi maafisa ugani wengi wana vipima udongo, muulize wa kata yako. Wakikwambia pH iko chini weka chokaa ya kilimo kwa kiasi watakachokuandikia, na uiweke wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganyike na udongo. Usiweke chokaa na DAP siku moja kwenye shimo moja. Sababu iko kwenye jina, amoniamu ikikutana na chokaa inatoka kama gesi, na fosfeti ikikutana na kalsiamu nyingi inajifunga nayo. Unapoteza vyote viwili. Majivu ya jikoni nayo ni hivohivo.

Kama udongo una uasidi na hela ya chokaa haipo, fikiria fosfeti ya mwamba kama ile ya Minjingu, yenyewe inahitaji uasidi kidogo ili iyeyuke. Kwenye udongo wa nyongo haitafanya kitu, itakaa tu.

Hatua ya 6: Kupandia

Fosforasi haitembei kwenye udongo. Inakaa pale ulipoiweka, mzizi ndo unaifuata. Ndo maana DAP inaitwa ya kupandia na ndo maana ukiimwaga juu ya udongo mahindi yakiwa yamefika magotini umetupa zile kilo 23 zako, mizizi iko chini na mbolea iko juu hawaonani.

Tuseme unapanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Ekari moja inakupa mashimo karibu 9,000. Mfuko wa kilo 50 ukigawa kwa hayo mashimo unapata gramu 5.5 kila shimo, na kisoda (kifuniko cha chupa ya soda) kilichosawazishwa kwa kidole kinabeba kama gramu 5. Kwa hiyo kisoda kimoja, kilichojaa vizuri, shimo moja, na mfuko unatosha ekari. Ukipanda 75 kwa 30 mbegu moja moja, mashimo yanakuwa karibu 18,000, basi ni nusu kisoda. Msiweke kwa kiganja jamani, watu watano wanaopanda wana viganja vitano tofauti, unakuta mfuko umeishia nusu ekari na huko kwenye shimo mbegu imeungua.

Chimba shimo kina cha sentimita 10 hivi. Weka kisoda cha DAP chini, au upande mmoja wa shimo. Fukia na udongo wa vidole vitatu. Hapo ndo unaweka mbegu, alafu unafukia. Huo udongo wa vidole vitatu katikati ndo kinga yako dhidi ya ile amonia niliyoisema hatua ya 3. Kama mnapanda watu wengi, wa kwanza achimbe, wa pili aweke mbolea, wa tatu afukie kidogo kwa mguu, wa nne ndo aje na mbegu. Mkiunganisha wa pili na wa nne kuwa mtu mmoja kwa ajili ya haraka, huyo atadondosha mbegu na mbolea pamoja, nimeona mashamba yameota mistari ya mapengo kwa sababu hiyo tu. Na kwenye udongo wa kichanga na jua kali hatari inaongezeka, usipandie kwenye vumbi ukitegemea mvua itakuja kesho.

Kama una samadi iliyoiva iweke, haigombani na DAP, inasaidia hata fosforasi isikamatwe haraka.

Hatua ya 7: Kukuzia, hapa jina linabadilika

Zile kilo 9 za naitrojeni ndani ya DAP ni za kumwanzishia mmea tu, hazimfikishi kwenye kubeba gunzi. Mahindi yakifika usawa wa goti rudi na Urea au CAN. Mfuko mmoja wa Urea ni kilo 23 za naitrojeni, wa CAN ni kama 13, kwa hiyo usiseme CAN ni rahisi kabla hujagawanya. Urea ukiiacha juu ya udongo wenye unyevu na jua linawaka inageuka amonia na kupaa, chimba kishimo kando ya mche, sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina, weka, fukia. Usidondoshee punje kwenye kikombe cha majani, zinachoma moyo wa mhindi. CAN inavumilia zaidi kukaa juu lakini mvua kubwa inaosha naitreti yake, so ukiona mawingu mazito subiri.

Hatua ya 8: Kukagua na kutunza

Nunua mfuko uliofungwa, wenye mshono wa kiwandani, jina kamili la kemikali, namba tatu, uzito na mtengenezaji. Wanaonunua kilo kilo za kupimiwa, na najua ni wengi kwa sababu hela hairuhusu mfuko, mwambieni muuzaji apime kutoka kwenye mfuko ambao nyie mnauona, na akuandikie jina kwenye risiti. Mbolea ikishaingia kwenye kifuko kisicho na maandishi haina jina tena.

Kuna jaribio dogo la nyumbani. Chukua punje chache za DAP weka kwenye kisahani, nyunyiza chokaa ya kujengea kidogo na tone la maji, sugua kwa kijiti. Baada ya muda mfupi utasikia harufu kali ya kukata pua, ileile ya banda la mbuzi lisilofagiliwa. Hiyo ni amonia inatoka. Usiinamishe uso juu yake, ivute kwa kupunga mkono. Ikitoka harufu ujue amoniamu ipo. Lakini elewa mipaka yake, SA na CAN nazo zitatoa harufu kwa sababu nazo zina amoniamu kwenye jina, kwa hiyo jaribio linakuonyesha kama umeuziwa kokoto au mchanga uliopakwa rangi, halikuthibitishii kwamba ni 18-46-0. Hilo ni la maabara. Ukiwa na mashaka usifungue mifuko yote, bakisha mmoja na mshono wake na risiti, peleka malalamiko TFRA, ndo mamlaka inayosimamia mbolea Tanzania, na bila mfuko na risiti hawana pa kuanzia.

Nyumbani panga mifuko juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, DAP ikinyonya unyevu inagandamana mabonge na kisoda hakipimi tena. Urea itenge mbali kabisa na mifugo. Ng'ombe na mbuzi wanapenda kuilamba, na ndani ya tumbo lao inageuka amonia haraka kuliko wanavyoweza kuihimili, mnyama anatetemeka, tumbo linajaa, anakufa ndani ya masaa machache. Hata maji yaliyooshea mfuko yanatosha kuleta shida kama yamekaa kwenye chombo wanachonywea. Na ile mifuko ikiisha mbolea msihifadhie unga wala mahindi ya kula hata mkiifua vipi, itumieni kubebea udongo wa kitalu au samadi, na kabla hujatupa ule upande wenye maandishi piga picha kwa simu uiweke, msimu ujao ukienda dukani mwonyeshe muuzaji hiyo picha badala ya kusema tu "nipe ile ya mwaka jana".